Usuluhishi wa kihamba mbele ya baraza la kata: tathmini ya huduma

Baraza la kata lililosikiliza migogoro miwili ya ardhi ya familia yetu, huku miteremkoni mwa Kilimanjaro, nalisifu kwa ule wa kwanza. Kwa ule wa pili sina budi kuwatahadharisha watakaolitegemea.

Wa kwanza ulihusu mpaka. Jirani alipodai kwamba safu ya masale, mimea ya kuwekea mipaka, inayotenganisha vihamba vyetu (mashamba ya ukoo yanayorithiwa) ilisogezwa, wajumbe hawakuishia ofisini: walifika shambani, wakawaita wazee waliokumbuka masale hayo yalipopandwa, wakaifuata safu hadi mferejini, na jirani, alipoona ushahidi, akatuletea jani la sale, ambalo kwa Wachagga ndilo ombi la msamaha lisilokataliwa. Sidhani kama mahakama ingeyamaliza upesi na kwa heshima kiasi hicho.

Dai la shangazi yangu lilikwenda vingine. Alikuwa akilima sehemu ya kihamba cha marehemu baba yake, na kaka zake walitaka aondoke kwa hoja kwamba kihamba ni cha wanaume. Mwenyekiti aliieleza desturi hiyo kana kwamba ndiyo sheria, ilhali kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi, na hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilikwishaamua, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Sheria inataka wajumbe watatu wa baraza wawe wanawake. Walikuwepo, ila hakuna aliyeulizwa neno.

Kilichomwokoa shangazi ni marekebisho ya mwaka 2021, yaliyoliondolea baraza la kata mamlaka ya kuamua na kuliachia kupatanisha tu. Lisipofanikiwa ndani ya siku 30, mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katibu hakumweleza hilo, nasi tulilipata kwa mwanasheria.

Kwa mgogoro wa mpaka nitarudi hapo hapo bila kusita. Binti anayedai sehemu ya kihamba apeleke dai lake kwa maandishi na adai nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, maana siku hizo 30 huhesabiwa tangu shauri lilipofunguliwa.