Picha za bati Mji Mkongwe Bagamoyo: nenda, ila angalia unavaa nini

Mimi nauza kanga. Kwenye siku ya historia pale Mji Mkongwe, watu wakiwa wamevaa kama wapagazi wa misafara, nilimpeleka shangazi yangu kwa kijana anayepiga picha juu ya bamba. Elfu hamsini kwa bamba la ukubwa wa kiganja. Ghali, lakini ningelipa tena.

Mbinu yenyewe ni kolodioni mbichi, yaani dawa nzito ya kunata inayopakwa kwenye bamba na kutumika kabla haijakauka, mbinu aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Ya kwenye bamba la chuma ilipewa hataza Marekani mwaka 1856. Hakuna filamu. Bamba unaloondoka nalo ndilo lililokaa ndani ya kamera. Kijana humimina kolodioni, akaliinamisha bamba huku na huku mpaka dawa ienee pembe zote, kisha hulizamisha kwenye nitrati ya fedha, dawa inayolifanya bamba lihisi mwanga, kama dakika tatu. Hapo mbio zinaanza, kwani likikauka limeharibika, na joto la Bagamoyo mnalijua. Hema lake la giza lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kamera. Anaijua kazi yake.

Shangazi aliwekewa chuma cha kuegemeza kisogo. "Bibi, kupepesa macho ruhusa, shingo tu isisogee." Sekunde sita, na hakutikisika.

Kisha bamba likatiwa kwenye dawa ya mwisho mbele yetu. Ukungu wa rangi ya maziwa ukayeyuka, uso ukajitokeza kidogo kidogo, kila kunyanzi mahali pake, ngozi nyeusi kuliko ilivyo. Shangazi akashika mkono wangu: "Huyu mama yangu!" Kweli, alifanana na bibi kabisa.

Sasa lawama yangu. Shangazi alikuwa amevaa kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, alichokitoa sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Dawa hii huona mwanga wa buluu na urujuani, nyekundu haiioni. Wekundu wote wa kisutu umetoka mweusi, umeungana na weusi wake, nakshi zimemezwa, yamebaki madoa meupe tu. Mama aliyetufuatia alivaa kanga ya buluu, ikatoka karibu nyeupe, na maneno yake yanasomeka kinyumenyume, kwa sababu picha hizi hutoka kama kwenye kioo. Kijana alikuwa anayajua yote haya. Angemwambia kila mtu akiwa bado kwenye foleni, kwa sababu wazee wetu huchagua nguo ya picha kwa makini sana.

Kwa hiyo vaa kanga nyeupe yenye nakshi kubwa nyeusi. Njano nayo huingia giza. Ukiwa na mzee wahi asubuhi, foleni haina kivuli. Na usiondoke kabla bamba halijapakwa vanishi, maana madini ya fedha yaliyo juu yake yakiachwa wazi kwa hewa yetu ya bahari yatafubaa. Letu tulilifuata baada ya alasiri, likinukia mafuta ya lavenda anayochanganyia humo.