Kayaki za kuvulia, Msimbati hadi mlango wa Ruvuma: lipia samaki, usilipie mpaka

Safari hii inauzwa Mtwara mjini kwa jina la "kuvua kwa kayaki kuvuka mpaka". Ni ya siku mbili: siku ya kwanza mazoezi na uvuvi ndani ya Ghuba ya Mnazi, kulala Msimbati, siku ya pili kupiga kafi kusini hadi mlango wa mto Ruvuma na, kwa anayetaka, kukanyaga mchanga wa Msumbiji. Kwa kifupi, uvuvi ni wa daraja la juu, vyombo ni vizuri lakini vinataka kukaguliwa na wewe mwenyewe, na hiyo sehemu ya mpaka ni ya kuachana nayo. Jina la mwenye huduma hatulitaji. Mengi ya yaliyo hapa yatakufaa kwa yeyote utakayempa pesa yako kwenye pwani hii.

Tuanze na mpaka, maana ndio unaovuta wateja. Kituo cha upande wetu kiko Kilambo, juu kidogo ya mto, kikitazamana na Namoto ya Msumbiji. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali huko bara, Mtambaswala. Ufukweni mlangoni mwa mto hakuna wa kukugongea muhuri. Kwa hiyo ukishuka ng'ambo kwa kayaki umeingia nchi ya watu bila ruhusa, hata kama ni dakika tano za kupiga picha. Leseni ya uvuvi ya Tanzania nayo haivuki mto. Kutupa mshipi upande ule kunataka leseni ya kule. Halafu kuna usalama. Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya mto, iko kwenye machafuko tangu Oktoba 2017, mji wake wa Palma ulivamiwa Machi 2021, na huku kwetu kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020. Askari wa doria aliye kwenye boti hana namna ya kujua kwa mbali kama aliyelala chini namna ile juu ya maji ni mvuvi wa burudani au ni nani. Wenyeji wana ndugu pande zote mbili na wanajua wa kumwambia, wewe huna.

Jambo jingine waongozaji hawalisemi, pengine hawalijui. Mstari wa mpaka baharini, uliokubaliwa na nchi hizi mbili Desemba 1988, hauendi mashariki moja kwa moja kutoka mlangoni. Unapanda kaskazini-mashariki. Maana yake ukitoka mlangoni ukaelekea jua linakochomoza, ukiamini bado uko Tanzania, unaingia Msumbiji bila kwenda kusini hata hatua moja. Muongozaji awe na mstari huo kwenye GPS yake na akuonyeshe kabla ya kuondoka. Kama hana, vueni kaskazini ya mlango na msiutupe ufukwe wa Msimbati mbali. Simu pia ina fitina yake: ukikaribia mto hurukia mtandao wa Msumbiji na salio linateketea. Ingia kwenye mipangilio uchague mtandao wako kwa mkono ukiwa bado Msimbati.

Sasa vyombo. Kayaki ni za plastiki nzito, za kukalia juu, urefu wa mita 3.6 hadi 4.2, na ikiwa tupu ina kilo 30 na ushee. Kwa kazi hii ndizo hasa, kwa sababu wimbi likipanda juu maji hushuka yenyewe kupitia matundu ya sakafuni, na ikipinduka huna haja ya kufua maji. Viti ni vya kitambaa, vina mgongo, na vishikio vya fimbo viko viwili nyuma na kimoja mbele. Hapo hatuna lawama.

Lawama iko kwenye vifuniko vya sehemu za kuwekea vitu ndani ya kayaki. Mpira wa kifuniko cha mbele ukipigwa jua mwaka mzima unakakamaa, unaacha kubana. Ubaya wenyewe unakuja hivi: kayaki ikilazwa juu ya mchanga wa moto saa nne asubuhi, hewa ya ndani inatanuka. Ukiiingiza baharini ghafla hewa inapoa na kusinyaa, na badala ya kuvuta hewa inavuta maji kupitia mpira ule uliochoka. Hakuna tundu, hakuna ufa, lakini baada ya saa mbili kuna lita kumi ndani. Lita kumi ni kilo kumi zinazokimbilia upande ulioinama, na chombo kilichokuwa kimetulia kinaanza kulewa. Dawa ni rahisi. Fungua kizibo kidogo cha nyuma kabla ya kushusha, iache kayaki ielee majini dakika chache ipoe, ndipo ufunge. Na kipimo cha uzima wa mpira ni hicho hicho kizibo: kayaki iliyofungwa vizuri ikiota jua, ukilegeza kizibo itapumua kwa sauti. Ikinyamaza, inavuja mahali. Omba nyingine.

Kagua pia matundu ya sakafuni kwa kidole, hasa mawili ya nyuma ambamo huchomekwa vyuma vya kigari cha kubebea. Hapo ndipo plastiki hupasuka. Ukikuta ufa umepakwa gundi ya epoksi, jua haujazibwa: plastiki ya namna hii haishiki gundi, huzibwa kwa kuyeyushwa, kama wafanyavyo mafundi wa madumu na ndoo.

Kafi ni za mapanga mawili, mpini wa alumini, na kila moja inapaswa kuwa na kamba ya kuifunga kwenye kayaki. Usikubali kuondoka bila kamba hiyo. Jaketi okozi zilikuwepo za kutosha na za ukubwa tofauti, na hili tunalisifu, maana kwenye boti nyingi za pwani hii jaketi ni pambo la siku ya ukaguzi.

Siku ya kwanza ndiyo inayotenganisha huduma nzuri na ya kubahatisha. Hapa kila mteja, hata yule anayejisifu, alipindishwa kwa makusudi kwenye maji ya kifua ndani ya ghuba na kutakiwa apande tena peke yake. Namna ni hii: unaigeuza kayaki kwa kushika ukingo wa mbali na kuuvuta kwako, unalala tumbo juu ya maji, unapiga miguu mpaka mwili uwe sawasawa, kisha unajitupa kifua katikati ya kayaki, unageuka matako yakae kitini, miguu mwisho. Wengi hushindwa kwa sababu huanza na goti. Goti likitangulia, uzito wote uko ukingoni na chombo kinakurudia kichwani. Asiyeweza mara tatu mfululizo abaki ghubani siku ya pili. Huduma hii iliifuata kanuni hiyo bila kumwonea mtu haya.

Maji ya huku yana tabia zake. Mkondo wa bahari kuu unaotoka mashariki unapiga pwani karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika, na tawi letu linakwenda kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Kwenda mlangoni ni kuupinga mkondo, kurudi ni kubebwa. Umbali ni zaidi ya kilomita kumi, kwa hiyo hesabu ya nguvu ifanywe kwenye kwenda. Mpiga kafi wa kawaida huweza kudumu na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) mbili na nusu hadi tatu. Upepo wa usoni na mkondo vikikutana, nusu ya hizo zimeliwa. Ndiyo sababu ya kuondoka saa kumi na moja alfajiri, upepo ungali umelala. Kuanzia saa nne bahari huanza kuchafuka.

Bamvua la Mtwara, yaani siku za maji makubwa, linaweza kukaribia mita nne kati ya kujaa na kupwa. Siku hizo ukishusha chombo maji yakiwa yamekupwa utakiburuta juu ya mwamba kwa mwendo mrefu, na raba miguuni ni lazima kwa ajili ya miiba ya nungu wa baharini. Kubaya zaidi ni mlangoni. Maji yakipwa, mto na bahari vinatoka pamoja, vinakutana na upepo wa kusi juu ya fungu la mchanga, na mawimbi yanasimama wima na kuvunjika palepale. Kayaki ikiingia hapo ubavu imekwisha. Mafungu yenyewe huhama kila baada ya mvua, kwa hiyo njia ya mwaka jana haina maana. Chagua maji mafu, yaani takriban mwezi 8 hadi 10 na 22 hadi 24 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, na ufike mlangoni maji yakiwa yanajaa. Usiingie ndani ya mto. Ruvuma ya chini ina mamba na viboko, na kayaki ni fupi kuliko mamba mkubwa.

Miezi mizuri ni Oktoba na Novemba: kusi limechoka, kaskazi halijashika, mto uko chini na maji ni maangavu. Juni hadi Agosti kataa, hata wakikupunguzia bei. Kuanzia Januari mto unashusha matope, na mwisho wa masika nako kuna hatari yake. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado Aprili 2019 na watu wa Mtwara wakahamishwa kutoka maeneo ya pwani.

Samaki basi. Pale maji ya udongo ya mto yanapokutana na maji meupe ya bahari pana mstari unaouona kwa macho, wenye majani na povu. Hapo vibua hujikusanya na wakubwa huwafuata: kolekole, songoro, mzia, na nguru upande wa nje. Rambaza, yaani kokota chambo nyuma ya kayaki, sambamba na mstari, usiukate. Karibu na ufukwe wa Ruvula, huko huko Msimbati, mwamba unaporomoka kwenda kina kirefu hatua chache kutoka ufukweni, na huko chewa na changu huchukua chambo cha kuzamishwa.

Zana walizotoa ni uzi wa kusuka wa ratili 40, mwisho wake nailoni ya ratili 80 mita mbili, na ndoana za duara namba 5/0 hadi 7/0. Hazikuwa na waya. Kwa nguru hilo ni kosa, anakata nailoni kwa meno mara moja. Njoo na waya wako, sentimita 25 zinatosha. Breki ya rili waliikaza mno. Kwenye boti unaweza kuvuta kwa nguvu, kwenye kayaki samaki ndiye anayekuvuta, na kilo nne hadi tano kwa mzani wa kuning'iniza ndio mwisho. Ncha ya fimbo ielekee mbele daima. Kolekole wa kilo 15 akivuta mbele atakukokota tu kama kishada, na ukimwacha avute ubavuni atakumwaga kabla hujapata nafasi ya kulegeza breki. Akipita chini ya chombo, zungusha ncha ya fimbo kupitia mbele ya kayaki, usibishane naye.

Barafu ilikuwa kidogo. Sehewa na jodari wakishinda juani wanawasha mdomo na kumfanya mtu avimbe, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Kata matamvua samaki akiwa hai, mwache atoke damu, kisha mtumbukize kwenye mfuko wenye barafu sehemu mbili na maji ya bahari sehemu moja. Kilo tano za barafu kwa mtu ndicho kiwango cha kudai.

Boti ya kusindikiza ndiyo kasoro kubwa. Ilikuwa moja, injini moja ya farasi 15, kwa kayaki sita, na mara mbili ilionekana ikivua kwa faida yake huku kayaki za nyuma zikiwa nje ya macho. Redio za mkononi zilikuwa mbili tu, ya nahodha na ya muongozaji. Ukiwa umekaa usawa wa maji redio hiyo haifiki mbali, kwa hiyo kayaki ya mwisho nayo inataka yake. Dai kayaki zisizidi nne kwa boti moja, na nahodha asitupe mshipi.

Eneo lote hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na risiti hutoka kwa jina lako. Usikubali kuambiwa "imeshalipwa" bila kuiona. Zipo kanda zisizovuliwa kabisa, na ramani yake iwe mkononi mwa muongozaji. Leseni ya uvuvi ni karatasi nyingine, ulizia kwa afisa uvuvi kabla ya siku ya safari.

Kuhusu chakula, wali na samaki wa nazi Msimbati vilikuwa vizuri, maji ya kunywa lita mbili kwa mtu hayatoshi, ongeza mbili zako. Gari linalopita juu ya mchanga wa ufukwe lipunguzwe upepo wa matairi, vinginevyo asubuhi yote itaishia kwenye kusukuma.

Malipo ya awali ni nusu, na maneno kuhusu upepo yalikuwa ya mdomo tu. Andikisheni kabla ya kutoa pesa: bahari ikichafuka siku ya pili, nani anaamua, saa ngapi, na kiasi gani kinarudi. Sehemu ya "kuvuka" ina nyongeza yake kwenye bei. Waambie waiondoe, kwetu walikubali bila ubishi, na muda mnaookoa kwa kutokwenda ng'ambo unatosha kuvua maji yanayojaa ya Ruvula asubuhi nzima.