Kupimwa kiwango cha dawa ya sonona kwenye damu, kliniki moja ya Hamburg: nyota nne

Nina miaka 67, nakaa Hamburg kwa mwanangu wa kiume. Sote wawili tunakunywa sitalopramu, dawa ya sonona, miligramu 20 kila asubuhi, hata kampuni ni ileile. Yeye yuko salama salimini. Mimi nikinyanyuka kitandani nyumba inazunguka, mikono inatetemeka, usiku jasho. Daktari wa mtaani akasema nivumilie, mwili utazoea. Mwanangu hakukubali, akatuandikisha wote kliniki hii, ambako hupima dawa yenyewe imo kiasi gani ndani ya damu.

Damu hutolewa kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, na uwe umeshatumia dozi ileile kwa wiki moja au zaidi. Karatasi ya miadi haikusema hivyo. Wenzetu kwenye foleni walirudishwa makwao kwa sababu walishameza. Nyota moja nimeikatia hapo. Binti anayetoa damu sina neno naye, mkono wake mwepesi.

Majibu: mimi 121, mwanangu 54, nanogramu kwa mililita. Karatasi ya maabara inataja 50 hadi 110 kwa kila mtu, awe kijana au bibi kama mimi. Ningepewa karatasi tu ningeondoka na hofu bure.

Daktari ndiye huduma yenyewe. Kwanza aliuliza najisikiaje, namba baadaye. Akaeleza polepole, mwanangu akinitafsiria, kwamba ini la mzee huiondoa dawa hii taratibu kuliko la kijana, na kwamba wanawake kwa wastani hukutwa na viwango vya juu kidogo. Mirtazapini, dawa nyingine ya sonona, nayo ni hivyohivyo. Akauliza nakunywa nini kingine. Nikataja omeprazoli ya kiungulia (nani wa rika langu haili?), akaguna. Kumbe nayo huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja sitalopramu. Basi umri, jinsia na kiungulia vyote vimenikuta mimi, mwanangu hana hata kimoja.

Alinionyesha pia kwamba Ulaya, tangu 2011, aliyevuka miaka 65 hapewi zaidi ya miligramu 20 kwa siku, kwa kuhofia mapigo ya moyo, ilhali vijana huweza kufika 40. Kidonge cha kawaida cha mwanangu kwangu ndicho kilikuwa kikomo. Nikapimwa moyo, na sodiamu ya damu pia, kwa kuwa dawa hizi huishusha kwa wazee, wanawake zaidi.

Dozi imeshushwa hadi 10, na dawa ya kiungulia imebadilishwa. Kizunguzungu kimeniacha, sonona haijarudi. Usingizi bado wa mang'amung'amu, na daktari anataka damu tena kabla ya kugusa chochote.

Simu zao mchana hazipokelewi, andikeni barua pepe. Lifti iko nyuma, upande wa duka la dawa.