Gundi ya maji au selotepu ya pande mbili kwenye kadi?

Gundi nyeupe ina maji, na nyuzi za karatasi zikinywa maji huvimba. Ndiyo maana karatasi nyembamba, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, hujikunja ukiipaka. Selotepu ya pande mbili haina maji, kwa hiyo kadi hubaki imenyooka. Ila ikishika imeshika: ukikosea mstari, unachana kazi. Gundi hukupa muda mfupi wa kusogeza kipande mpaka kikae sawa, faida kubwa mno kwa maua madogo yaliyokatwa kwa mkasi.

Mimi tabaka pana hubandika kwa selotepu. Vipande vidogo, tone la gundi kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha kitabu kizito juu hadi ikauke.