The Parcel Yard: baa ya Kiingereza ndani ya stesheni ya King's Cross

Abiria wa kwenda Leeds, Newcastle na Edinburgh wanaopandia King's Cross, jijini London, hukusanyika mbele ya ubao wa ratiba, mabegi miguuni na macho juu, na namba ya jukwaa inapotokea wote huondoka kwa mkupuo. Siku niliyopita hapo nilikuwa na saa moja na nusu mkononi, na badala ya kuimalizia katika umati ule nilipanda ngazi zilizo mwisho wa ukumbi, nikaingia The Parcel Yard.

Zamani hapa palikuwa ofisi ya vifurushi vilivyosafirishwa kwa reli. Stesheni, iliyosanifiwa na Lewis Cubitt, ilifunguliwa mwaka 1852, na baa ikaja mwaka 2012 pamoja na ukumbi mpya wa abiria. Jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba waliokarabati hawakubomoa kuta ili wapate ukumbi mmoja mpana: vyumba vya zamani vimeachwa, vingine vya kutosha meza chache tu, vikizunguka ua wa ndani wenye paa la kioo, na sakafu ni mbao tupu zinazolia chini ya viatu. Ukikaa kwenye kona ya chumba kimojawapo, matangazo ya treni yanakufikia kwa mbali, nawe unaweza kuzungumza bila kupaza sauti.

Kinywaji hakiletwi mezani. Desturi ya baa za Kiingereza ni kwenda mwenyewe kaunta, kuagiza na kulipa hapo hapo. Foleni haionekani, lakini ipo, kwani mhudumu hukumbuka nani alitangulia, na bwana mmoja aliyeulizwa kabla yangu alinionyesha mimi kwa mkono, akasema ni zamu yangu.

Niliagiza London Pride, bia ya pipani inayohusishwa kwa miaka mingi na Fuller's, kampuni inayoendesha baa hii. Mhudumu alishika mpini mrefu uliosimama juu ya kaunta, akauvuta taratibu hadi mwisho, akaurudisha na kuuvuta tena, na kila mvuto ukapandisha bia ya rangi ya kahawia kwenye glasi, yenye povu jembamba. Bia ya namna hii huendelea kuchachuka humo humo ndani ya pipa, na hutolewa ikiwa na nyuzi kama 11 hadi 13, kwa hiyo aliyezoea bia ya kutoka kwenye friji atadhani amepewa ya moto. Asiirudishe. Ubaridi mkali ungeificha ladha ya shayiri na ule uchungu mwepesi unaobaki ulimini. Painti nzima ni mililita 568, na kwa msafiri nashauri nusu painti.

Nilikula pai ya nyama, iliyoshiba na yenye mchuzi mzito.

Nilifika saa nane mchana, wakati mzuri. Jioni, ofisi zinapofungwa, baa za stesheni hujaa, na mtu mwenye begi kubwa hupata tabu kupita. Kama ningekuwa na dakika ishirini tu, nisingepanda zile ngazi, kwa sababu bia hii hainywewi kwa kugugumia.

Treni yangu ilipotangazwa glasi ilikuwa na funda mbili. Nilizimaliza nimesimama, nikashuka.