Calibre: sura mbaya, kazi safi

Wacha niseme ukweli, mimi vitabu naokota kama mtu wa chupa. Mtu akitupa PDF kwa grupu ya WhatsApp nadaka, nikienda kwa beshte na fleshi narudi imejaa, miaka saba hivi, mwishowe laptopu ikawa na faili karibu 900 na nikitaka kusoma kitu natafuta nusu saa halafu nachoka nalala.

Ndio nikaweka Calibre, programu ya kupanga, kugeuza na kusoma vitabu vya kompyuta. Ni ya bure kabisa, haikuulizi akaunti wala kadi, na inaingia kwa Windows, Mac na Linux. Jamaa anaitwa Kovid Goyal aliianza 2006 juu alikuwa na kisomeo cha Sony, kile kidude cha kusomea vitabu, kisichoelewana na Linux, na mpaka sahii bado yuko nayo.

Sura sasa, jamani. Ukiifungua vitufe vimepangana pale juu kama vibanda vya soko la Gikomba, kila kimoja kinakuita. Nusura niifute siku hiyo hiyo. Kilichonibakisha ni faili moja tu: nimeingiza folda yote, naona kuna kitabu kinaitwa "Microsoft Word - final final 2", mwandishi "user". Kukifungua, kumbe ni ile riwaya ya Kiswahili nimeitafuta tangu mwaka jana na ilikuwa hapo hapo! Nikabonyeza E, nikaandika jina la kweli, mwandishi, lugha Kiswahili, nikabandika picha ya jalada niliyopiga na simu kwa nakala ya mzee wangu. Ilichukua dakika mbili na tangu hapo siwezi kuacha, ni kama kuchambua mchele.

Vitabu vya Kizungu ukibonyeza "Download metadata" inavuta jalada na maelezo kutoka mtandaoni. Vya Kiswahili, vyangu vingi, nimeandika kwa mkono. Na majina inapanga kizungu, jina la mwisho linatangulia, kwa hivyo Said bin Omar anageuka "Omar, Said bin". Unaweza kurekebisha, lakini ukienda mmoja mmoja inachosha.

Sasa sikia kosa langu usilirudie. Calibre inakopi kila kitabu kwa folda yake, kwa hivyo cha zamani kinabaki pale kilikuwa na diski inajaa mara mbili. Mimi mjanja nikaingia kwa hiyo folda yake nikaanza kupanga na kubadilisha majina nionavyo, kurudi kwa programu vitabu 40 haivioni. Ile folda usiiguse, kila kitu fanya ukiwa ndani ya Calibre.

PDF kuigeuza iwe EPUB, ile aina ya faili ya kitabu yenye maandishi yanajipanga kufuata kioo, usijisumbue, mistari inakatika katikati na namba za kurasa zinaingia kwa sentensi. Lakini EPUB kwenda AZW3, faili ya Kindle, kisomeo cha Amazon, inatoka safi. Vitabu vya kununua vyenye kufuli ya kuzuia kukopi haigeuzi. Na haijisasishi yenyewe, ikitoka mpya unapakua yote upya, zaidi ya MB 100, kwa hivyo kama ni bando za simu ruka kadhaa, haitakufa.

Yenye naipenda kabisa ni kale ka seva. Unawasha, unachukua simu iliyo kwa waifai moja na laptopu, unaandika kwa browser ile anwani inakuonyesha yenye inaisha na 8080, na maktaba yote iko kwa kioo. Kama router iko na stima hata bando zikiisha inafanya, vitabu vinatoka kwa laptopu si kwa intaneti. Sista yangu mdogo analala chumba cha pili anasoma vitabu vyangu, saa sita usiku nasikia anacheka peke yake halafu asubuhi ananiambia "bro usizime hiyo laptopu."

Kusafisha majina naenda kwa alfabeti. Jana stima ilipotea nikiwa M, leo jioni naendelea.