Marekani ya Kariakoo na fundi mmoja mzee: gobore langu limeacha kuchana vitambaa

Kwa miezi minne gobore langu lilinitesa. Ni la kisasa, lina leseni, kaliba 50, yaani tundu la milimita 12.7, na mtutu una mifereji ndani. Nalipigia shabaha tu, uwanjani. Shida ilikuwa kupakia, maana hupakiwa kwa kupitia mdomo wa mtutu. Goroli ya risasi ikishafungwa kitambaa inakwama palepale mdomoni. Nagonga kwa nyundo ya mbao, nasukuma mdeki, ile fimbo ya kushindilia, kwa uzito wa mwili mzima mpaka kiganja kinavimba, na mlio ukiisha naokota kitambaa kimekuwa matambara. Goroli inakwenda inakotaka. Kwa mita 50 nilikuwa nakosa boksi la viatu.

Nilianza kwa kulaumu vitambaa, na kwa sehemu nilikuwa sahihi. Nilivinunua vikiwa vimekatwa tayari, pakiti imeandikwa pamba tupu. Siku moja nikachomoa uzi nikauwasha kiberiti. Pamba huungua ikaacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi. Ule uliyeyuka, ukajikunja kuwa kishanga kigumu cheusi. Polista ile! Kitu cha kuyeyuka ndani ya mtutu wa moto, mtu ananiuzia kama pamba. Duka silitaji, ila kiberiti ninacho mfukoni tangu siku hiyo.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kutafuta kitambaa cha pamba kiitwacho marekani. Ndiyo, marekani ileile ya bibi zetu, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, iliyopata jina lake karne ya 19 pale wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakiileta Zanzibar kwa meli. Muuzaji alinionyesha bafta kwanza. Nikaikataa, nyepesi mno, hiyo inatobolewa na moto katikati. "Basi kaka chukua hii nzito, watu wanashonea magunia ya unga," akaniambia, akanikatia mita mbili. Nyuzi zimebana, ukiivuta pembe kwa pembe hailegei ovyo. Nimeridhika nayo kabisa.

Ila usiikate ikiwa mpya. Kitambaa kipya kina wanga, ukikisugua sikioni kinalia kama karatasi, na kikiwa hivyo hakinywi mafuta wala hakijikunji vizuri kwenye mifereji. Mimi niliifua mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, nikaianika, nikaipiga pasi. Nikibana kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, napata milimita 0.38. Vile vya dukani vilikuwa 0.45.

Kupakia kukawa nafuu kidogo. Kuchanika kukabaki vilevile. Hapo nikampelekea mzee mmoja, fundi wa silaha mwenye kibali, na huduma yake ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Hakugusa msasa kwanza. Alihakikisha mtutu ni mtupu, akapakia goroli na kitambaa bila chembe ya baruti, akaisukuma mpaka chini, kisha akaichomoa kwa skrubu ya mdeki. Akakikunjua kitambaa kwenye kiganja chake. Pembeni kilikuwa na mikato saba midogo, imepangana kwa nafasi sawa kama namba za saa. Akanipa nihesabu matuta yaliyo kati ya mifereji. Saba.

"Hiki moto haujakigusa, mwanangu. Kimekatwa kikiwa kinaingia."

Mimi nilikuwa nahangaika na unene wa kitambaa na wingi wa baruti, kumbe mdomo wa mtutu ulikuwa mkali kama wembe tangu kiwandani. Alichukua msasa wa maji namba 400, akauzungusha pale mdomoni kwa dole gumba, akibadilisha upande kila baada ya muda, kisha namba 600, mpaka ukucha ukipita haukwaruzi. Ndani akapitisha sufi laini ya chuma yenye mafuta, kwenda na kurudi kama mara hamsini. Polepole, bila haraka yoyote.

Halafu akapima goroli zangu: 12.57. Tukapiga hesabu pamoja. Kwenye tundu la 12.7 kila upande unabaki na pengo la 0.065 tu, nami nilikuwa nalazimisha kitambaa cha 0.45 kipite hapo, na hata marekani ya 0.38 bado ilikuwa inakabwa! Akanishauri goroli za 12.45, ambazo kila upande zinaacha 0.125. Marekani inabanwa sawasawa, haikabwi.

Sasa nasukuma mdeki kwa mkono mmoja. Vitambaa navipaka nta ya nyuki niliyoiyeyusha na mafuta ya zeituni, na baada ya kila mlio napitisha kitambaa chenye unyevu, maana kwa joto na unyevu wa Dar masizi ya baruti nyeusi yanageuka kuwa uji unaonata. Usipofanya hivyo, hata goroli ndogo itakwama.

Jambo moja linanitisha nikilikumbuka. Goroli ilipokuwa ikikwama katikati niliwahi kufikiria kuilipua tu itoke. Mzee aliposikia alinyamaza kwanza, kisha akaniambia goroli isipokaa juu ya baruti yenyewe, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Alinichorea alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya uliopakiwa. Hiyo hakunitoza hela.

Kasoro yake ni muda. Aliniahidi siku tatu, nikalichukua siku ya kumi na moja. Ningemrudia hata hivyo.

Jumamosi iliyopita nilipiga kumi na mbili, nikaokota vitambaa kumi na kimoja, vyote vizima, vina doa la moshi katikati na pembe zimechakaa kidogo tu. Boksi la viatu limetobolewa. Nimebakiwa na mita moja na nusu ya marekani kabatini, na ikiisha nitarudi duka lilelile, ila na vernia yangu mkononi, kwa sababu jora jingine huweza kuja na unene mwingine.